Moshi Haujui Nani Alilima

Asubuhi za vuli, ukungu hupanda kutoka mtoni na kuingia katika banda la Verlon Stidham kupitia nyufa za mbao. Humo ndani majani ya tumbaku huning'inia hadi paani yakikauka, rangi ya asali, kama yamelala. Verlon hupenda kukaa chini yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo alipokaa baba yake. Akifumba macho huona banda zima linaelea juu ya ukungu.

Vuli hiyo alikuwa na jambo la kuwaza. Madaktari walikuwa wameona saratani katika pafu lake.

"Tumeiwahi," daktari alimwambia. "Tutaikata majira ya baridi. Lakini acha sigara leo."

Verlon alirudi nyumbani, akatupa pakiti zake zote motoni. Mkewe, Oleta, alifurahi hadi machozi.

"Masika tutapanda mlimani pamoja," alisema.

Tangu uchumba wao, kila masika walipanda mlima ulio nyuma ya nyumba kutafuta uyoga. Lakini masika yaliyopita Verlon aliishia njiani, akihema. Oleta alipanda peke yake.

Basi Verlon akaacha sigara za dukani. Akawa anasokota jani la bandani mwake na kulivuta.

Siku moja jirani yao, Twila, alipita na bakuli la supu ya maharage. Twila alikuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wagonjwa wa saratani kuacha tumbaku. Aliwakuta wote wawili bandani.

"Mzee Verlon! Si niliambiwa umeacha?"

"Nimeacha. Hii si sigara. Hili ni jani langu."

"Na huo moshi ni wa nani? Wangu?"

Oleta akamtetea mumewe. "Za dukani wanazitia madawa, Twila. Hili tumelipanda wenyewe na kulipalilia wenyewe."

Twila akavuta ndoo nyingine, akaketi.

"Mama Oleta, mimi nimezaliwa chini ya majani kama haya. Harufu yake naipenda kuliko marashi. Lakini jani likichomwa, moshi wake una sumu iletayo saratani. Moshi haujui nani alilima."

Verlon alitazama juu. Majani yalitikisika kidogo.

"Saratani nishaipata," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Nikiacha sasa nitapata nini?"

"Mengi. Kidonda cha upasuaji kitapona vizuri zaidi. Pumzi itaongezeka. Matibabu yatafanya kazi vizuri, na hatari ya saratani nyingine itapungua. Ukiendelea kuvuta, daktari anaweza kuahirisha upasuaji, na saratani haitakusubiri."

"Baba yangu alikaa hapa hapa, akivuta jani hili hili."

"Na alituachaje, mzee wetu?" Twila aliuliza kwa upole.

Verlon alikikumbuka kikohozi cha baba yake. Akaikanyaga sigara yake chini.

"Nimevuta tangu ndevu hazijaota, binti yangu. Nitaweza wapi?"

"Peke yako ni vigumu. Tumbaku ina nikotini, nayo imeufunga mwili wako kamba. Tutaifungua taratibu. Kuna kibandiko cha kubandika kwenye ngozi, chenye nikotini kidogo bila moshi, na ubani wake wa kutafuna hamu inapokuja ghafla. Daktari wako atasema utumie kiasi gani. Hamu ni kama wimbi. Kunywa maji, tembea, nalo litapita. Na usikae hapa peke yako. Ndoo hii itakuita."

Siku za kwanza Verlon alimkasirikia hata paka.

"Umekuwa nyigu," Oleta alimwambia.

"Nyigu ana nafuu. Hakatazwi kitu."

Oleta alicheka, akampa kipande cha tufaha. Alipunguza mafuta ya nguruwe kwenye maharage, akaongeza mboga za majani. Jioni walitembea hadi darajani, polepole, wameshikana mikono kama wachumba.

Siku ya kushusha majani makavu bandani ili yauzwe, ile harufu ilimshinda Verlon. Alisokota sigara moja, akavuta nusu. Kisha akampigia Twila simu.

"Nimeharibu kila kitu."

"Kuteleza si kuanguka, mzee. Umeniambia, na hilo ndilo la maana. Tuendelee kutoka hapo ulipo."

Akaendelea. Theluji ilipoanguka, daktari alimkuta hajavuta tena. Upasuaji haukuahirishwa, na kidonda kilipona vizuri.

Masika yakaja. Verlon na Oleta walipanda mlima. Alipumzika njiani mara kadhaa, lakini hakurudi nyuma. Karibu na kilele akasimama ghafla.

"Nausikia."

"Nini?"

"Uyoga. Harufu yake."

"Acha uongo wako, wewe! Nani ananusa uyoga?"

Nyuma ya gogo lililoanguka, kwenye majani yaliyolowa, uyoga ulikuwa umesimama kama kijiji kidogo kinachoamka. Mbali chini, banda lilikuwa tupu. Mwanga ulipita katika nyufa zake zote.

Jioni Oleta aliuviringisha uyoga katika unga wa mahindi, akaukaanga kwa mafuta kidogo. Verlon alikula, akaongeza tena.

"Mwaka jana uliukaanga hivi hivi," alisema, "na mdomoni mwangu ulikuwa kama karatasi."

"Hata kwangu," Oleta alijibu. "Niliuchuma peke yangu."