Bangili Iliyoruka Mara Arobaini

Panzi alikuwa na kazi moja isiyokuwa na likizo. Kila siku akitoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaingia chumbani kwa bibi yake kumfungia bangili.

Panzi halikuwa jina lake la daftarini. Wenzake walimwita hivyo kwa ajili ya miguu yake mirefu, na kwa sababu darasa la sita zima halikuwa na msichana aliyemfikia kwa kuruka katika netiboli. Hata mwalimu wa michezo alimwita hivyo hivyo.

Bangili nayo haikuwa ya pambo. Ilikuwa mkanda laini mweusi, upana wake vidole vitatu, unaofungwa chini kidogo ya kiwiko. Ndani yake mlikuwa na vihisi, vidude vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo kazi yake ni kuisikiliza misuli na kila mwendo wa mkono. Kila Bibi alipojaribu kukunja vidole au kuvikunjua, bangili ilihesabu. Hesabu ya siku ikitimia, taa ndogo ya kijani iliwaka.

Baada ya bangili ilifuata glavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kioja. Juu ya kila kidole ulipita mrija wa mpira laini, na pampu ndogo kama kisanduku cha sabuni ilisukuma hewa ndani ya mirija. Mirija ikijaa hunyooka, na vidole vya Bibi vikanyooka navyo, polepole, kama mtoto mchanga anayejinyoosha akiamka.

Tangu Bibi apatwe na kiharusi mwaka uliopita, mkono wake wa kulia ulijifunga ngumi ukakaa hivyo.

"Mkono huu ni kama mkwe mwenye kisirani," Bibi alisema. "Umo nyumbani, unakula, lakini kazi haufanyi."

Vifaa hivyo vilitoka kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali. Mkuu wake alikuwa profesa mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Watu walimwita Mama Mpira, kwa sababu wenzake hutengeneza mashine za chuma, yeye hutengeneza za mpira, laini, zisizomuumiza mgonjwa. Wataalamu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kumwuliza anafanyaje. Kila Alhamisi Bibi na Panzi walikwenda pale, na mhandisi kijana aliisoma bangili kwa kompyuta.

"Sikiliza, mdogo wangu," mhandisi alimwambia Panzi siku ya kwanza. "Bangili ndiyo inayoifundisha glavu. Ikisema mkono wa Bibi umepata nguvu, glavu inapunguza hewa ili mkono ufanye kazi wenyewe. Ikisema mkono umechoka, glavu inaongeza msaada. Kwa hiyo isivaliwe na mtu mwingine yeyote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, kaka," Panzi alijibu. Alikuwa anatazama mpira wa netiboli uliokuwa mapajani mwake.

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Bibi alikaa mezani, akihamisha maharagwe kutoka bakuli moja kwenda jingine, punje kwa punje, huku Panzi akihesabu. Punje zikianguka, walicheka. Mwisho wa wiki ya tatu Bibi aliweza kushika kikombe kitupu. Mama yake Panzi, aliyekuwa akishona sare kiwandani na kurudi jioni, alikishika kile kikombe akakibusu.

Wiki ya nne, mashindano ya netiboli yalikaribia. Mazoezi yalianza saa kumi. Maharagwe ya Bibi yalichukua saa nzima, na zaidi ya hapo, dawa zake zilimfanya asinzie.

"Wewe Panzi, utakuja au hutakuja?" Kidoti, rafiki yake, aliita kutoka dirishani. "Mwalimu anasema anayechelewa atakaa benchi!"

"Bibi hajamaliza."

"Bibi mwenyewe anakoroma! Mpaka huku nje tunamsikia."

Panzi akageuka. Ni kweli, Bibi alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, glavu imemlalia mapajani. Taa ya kijani bado. Panzi akaitazama bangili. Akaifungua taratibu, akaifunga mkononi mwake, akavuta mkono wa sweta juu yake, akatoka mbio.

Alidaka mpira, akarusha, akaruka. Kabla ya nusu saa kwisha, taa ikawaka kijani. Aliporudi, Bibi bado alikuwa usingizini, akamrudishia bangili mkononi.

Jioni Mama aliuliza, "Bibi amefanya mazoezi?"

"Taa imewaka kijani, Mama."

Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Lakini haukuwa ukweli, na Panzi alijua hivyo, maana alijibu akitazama sufuria. Hata hivyo alijituliza. Kwani kuna ubaya gani? Bibi amepumzika, taa imewaka, mwalimu amefurahi. Kosa la siku ya kwanza huwa zito. La siku ya pili halina uzito. Panzi akafanya tena kesho yake, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Bibi akiamka na kuuliza mazoezi yamefika wapi, Panzi alimwambia, "Tumemaliza, Bibi, umesahau tu." Na Bibi, mtu mzima anayetumia dawa, aliamini kwamba amesahau.

Kila Alhamisi mhandisi aliisoma bangili, akamsifu Bibi kwa bidii yake, akapunguza hewa ya glavu.

Basi, Jumamosi moja mwanzoni mwa wiki ya sita, timu haikuwa na mazoezi, na Panzi alikaa na Bibi mezani kama zamani. Bibi alivaa glavu. Pampu ilinguruma kidogo, mirija ikajaa nusu tu, vidole havikufunguka. Bibi akajaribu. Jasho likamtoka puani. Akajaribu tena. Punje moja ya maharagwe ilikuwa mbele yake na hakuweza hata kuigusa.

"Pumzika kwanza, Bibi," Panzi alisema kwa sauti ndogo.

"Nimepumzika vya kutosha." Bibi akaivua glavu kwa mkono wa kushoto. "Mjukuu wangu, mkono huu umekwisha. Zamani ulikuwa unashika kikombe, sasa hata dengu itaushinda. Alhamisi tutawarudishia watu vitu vyao, apewe mgonjwa ambaye mkono wake unasikia."

Panzi alitoka nje kama anayekwenda kuteka maji. Alipopita dirishani alimsikia Bibi akisali. "Ee Mungu, ulinipa mkono huu miaka sitini na nane, nao umenilelea watoto. Kama umeutaka, nipe moyo wa kuuacha bila kinyongo."

Siku tano hizo Panzi hakula vizuri. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili akaomba chumvi.

Alhamisi ikafika. Karakana ilikuwa na harufu ya mpira mpya, na mezani palijaa vidole vya mpira vya kila ukubwa, vingine vimekatwa kati kuonyesha mirija ya ndani. Mhandisi alisimama kumpokea Bibi.

"Mume wangu," Bibi alimwambia, maana walikuwa na utani wa bibi na mjukuu, "leo nimekuletea talaka."

"Talaka! Nimekosa nini tena, mke wangu? Kanga si nilisema nitaleta?"

"Wewe hujakosa. Mkono ndio umenikataa." Akaiweka glavu mezani. "Chukueni, wanangu. Mmejitahidi."

Mhandisi aliacha kucheka. Akaiunganisha bangili na kompyuta, akasoma, akakuna kichwa. "Mbona sielewi? Hapa wewe ndiye hodari kuliko wagonjwa wote." Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Na hii nini? Wiki iliyopita nilitazama hesabu tu, sikutazama mistari ya mwendo. Bibi, Jumatano ya wiki ile saa kumi na robo ulikuwa unafanya nini?"

"Sijui. Nadhani nililala."

"Bangili inasema uliruka. Mara arobaini."

"Mimi?" Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, mimi kupanda kitanda tu nahitaji kigoda na dua!"

Mama Mpira alikuja, akavaa miwani, akaitazama ile mistari kwa muda mrefu. "Bangili ni mbovu," alisema. "Na kama hii ni mbovu, hatuwezi kuziamini zile ishirini zilizotengenezwa pamoja nayo. Wapigie simu wagonjwa wote. Wasimamishe mazoezi, warudishe bangili, tuzifungue moja moja."

"Wote, Profesa? Kuna wanaoendelea vizuri."

"Wote. Siwezi kumpa mgonjwa kitu ambacho sikijui."

Panzi alikuwa ameketi karibu na mlango. Njia ya kupita ilikuwa wazi mbele yake, pana, bila mwiba. Bangili imebeba lawama, na bangili haina mdomo. Bibi alikuwa tayari anainuka, anatafuta fimbo yake. Wagonjwa ishirini wangepigiwa simu jioni hiyo. Kunyamaza tu, na mambo yangekwisha.

"Bangili ni nzima," Panzi alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasimama, akasema tena, safari hii kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Bangili ni nzima! Niliivaa mimi. Niliruka mimi. Bibi alipokuwa amelala, nilikwenda nayo netiboli." Machozi yakaanza kumtoka. "Bibi, mkono wako haujakwisha. Mimi ndiye nilikudanganya. Hukusahau chochote."

Bibi akakaa tena kitini, akaacha kuitafuta fimbo. Panzi angependelea kugombezwa.

Mama Mpira hakugomba pia. Alivuta kiti akakaa mbele ya Panzi, kalamu mkononi. "Siku ya kwanza ilikuwa lini? Saa ngapi hadi saa ngapi? Siku iliyofuata?" Aliuliza yote, akaandika yote. Mwisho akahesabu. "Siku tisa. Tutazifuta siku tisa. Mhandisi, rudisha glavu pale ilipokuwa mwisho wa wiki ya tatu. Na usimpigie mtu simu."

Mhandisi akabonyeza, akarekebisha, akamvalisha Bibi. Pampu ikanguruma. Mirija ikajaa. Kidole cha shahada kikatikisika, kikafunguka, kikafuatwa na cha kati na cha pete. Kidole kidogo kilibaki nyuma kama mtoto mvivu, kisha nacho kikaja.

Bibi aliutazama mkono wake. "Kumbe upo," aliuambia. "Kumbe ulikuwa umenyimwa tu." Na yeye naye akalia.

"Njoo, binti," Mama Mpira alimwita Panzi. "Nimetumia miaka mingi kutengeneza mashine zenye upole. Lakini mashine haina macho, inamwamini anayeivaa. Uliiambia kwamba mkono wa Bibi una nguvu, ikashika adabu yake, ikaacha kumsaidia. Glavu haikukosea, ilikutii wewe. Unajua kwa nini sikugombi? Mimi pia ningekosea leo. Ningeisimamisha kazi nzuri ya wagonjwa ishirini, ni neno lako lililonizuia."

Nyumbani hakukuwa na upole kiasi hicho. Mama alisikia habari yote, akatoka na Panzi vile vile hadi kwa mwalimu wa michezo, na huko Panzi akaeleza tena kwa mdomo wake mwenyewe. Wakapatana. Maharagwe kwanza, netiboli baadaye, na siku mbili kwa wiki Mama angeomba zamu ya asubuhi ili awahi kurudi. Panzi alikaa benchi mechi ya kwanza, akapiga makofi kama wengine.

Kidoti naye alianza kuja saa tisa. "Ni mimi niliyekuita dirishani," alisema, akavuta bakuli. Wakawa wanashindana watatu, na Bibi akawa mbishi kuliko wote. "Hiyo punje nimeigusa mimi! Hesabuni vizuri, nyie watoto!" Akisinzia, walimwacha alale, kisha walimwamsha na kuanzia palepale alipoishia. Siku nyingine taa haikuwaka kabisa. Panzi alimwambia Mama hivyo hivyo: "Leo haikuwaka."

Wiki ya kumi na moja, Mama Mpira alitaka kuona kama Bibi anaweza kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada, bila glavu. Wageni wawili, wataalamu wa mashine laini kama yeye, walisimama pembeni na madaftari yao. Mhandisi akaweka kifungo cha shati mezani.

"Cha nini kifungo?" Bibi alisema. "Panzi, sogea hapa."

Panzi akasogea. Mkono wa kulia wa Bibi ukainuka, ukatetemeka, ukapanda polepole hadi ukafika sikioni pake. Vidole viwili vikafunguka vyenyewe. Vikalishika sikio. Vikafinya.

"Aaa! Bibi!"

"Hiyo ni ya siku tisa," alisema Bibi.

Mhandisi akapiga makofi, wageni wakacheka bila kuelewa, na Panzi, sikio linawaka moto, alimkumbatia bibi yake akicheka na kulia kwa pamoja.

Bibi hakuliachia sikio. Alilivuta karibu na mdomo wake, akasema taratibu, "Siku ile uliposema kweli ulidhani unaivunja heshima yako mbele ya watu. Mimi niliona unanirudishia mkono. Mwenye shida akitajwa jinsi alivyo, msaada hupata pa kuanzia. Ukimpamba, hata mwenye dawa atampita mlangoni akidhani ni mzima. Basi kokote utakakokwenda, mjukuu wangu, hata taa isipowaka, sema haikuwaka. Mungu ataanzia hapo."