Aliyebisha Hodi kwenye Sefu

Afande aligonga mara tatu, sefu likalia mara nne. Hakulitilia maanani. Masikio ya mtu aliyefyatua bunduki miaka thelathini si ya kuaminiwa sana.

Afande ndilo jina alilobaki nalo tangu astaafu kazi ya askari wa wanyamapori. Jina lake halisi alikuwa akilitumia mkewe tu, na mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Nyumbani walibaki yeye, redio, na bunduki moja yenye kibali, iliyoviringishwa blanketi juu ya kabati. Bunduki hiyo ndiyo iliyompeleka siku hiyo dukani kwa fundi makufuli, maana binti yake alikuwa amemwambia kwenye simu bila kuzunguka:

"Baba, mtoto sasa ana miaka sita, anapanda kila kitu. Simleti huko mpaka hiyo bunduki uifungie."

"Nitaifungia, mama."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Kweli alisema. Mjukuu mwenyewe alimwona mara ya mwisho kwenye mazishi, kalala begani kwa mama yake. Tangu hapo ni picha za simu tu, na picha haimwiti mtu babu.

Basi alikuja na kipande cha uzi alichopimia bunduki, kutoka mdomo hadi kitako. Fundi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alicheka alipouona.

"Wengine wananionyesha kwa mikono, utadhani wanasimulia samaki. Wewe umeleta vipimo. Haya, Afande. Hili dogo ni la bastola, yako itatoa kichwa nje. Hili la namba linatumia betri, betri ikiisha unabaki kulibembeleza. Hili ni bati tupu, teke moja limebonyea. Na lolote utakalochukua lifungwe kwa bolti, la sivyo mwizi atalibeba zima zima akalifungulie kwake."

"Na lile?"

Lile lilisimama pembeni, refu, jembamba, la kijani kilichochunika, chuma chake unene wa kidole. Fundi alisita.

"Lile limetumika. Lilikuwa la mzee mmoja aliyeishi peke yake. Ndugu zake walisema alihama, hawajui kaenda wapi. Ila chuma kama hicho hukipati siku hizi."

Ndipo Afande alipoligonga kwa vidole kusikiliza unene wake. Na kwa kuwa alikuwa hajataniana na mtu siku nyingi, akataniana na sefu. "Hodi humu ndani?"

Fundi akacheka, Afande akacheka. Uzi ukaenea vizuri. Akalichukua.

Lilifungwa chumbani kwa bolti nne, mbili ukutani na mbili sakafuni. Bunduki ikasimama ndani yake, risasi kwenye kijisanduku cha juu, na ukuta wake wa ndani ulikuwa umebandikwa kitambaa kizito cha kijivu. "Ufunguo usiuweke juu ya kabati," fundi alimwonya akikusanya zana zake. "Wote wanauweka juu ya kabati." Afande akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni, kisha akampigia binti yake. Waliahidi kuja Jumamosi. Alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu akitabasamu peke yake, mzee mzima.

Jumatatu mchana alikuwa jikoni anamenya viazi akasikia mtu anabisha. "Hodi!"

"Karibu!" alijibu papo hapo, akafuta mikono kwenye suruali na kukimbilia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Barabara nyeupe kwa jua, mbwa wa jirani kalala.

Jumanne, saa ile ile, hodi tena. "Karibu, karibu!" Akafungua. Hapana mtu. Safari hii aliporudi ndani alisikia harufu ya chuma kilicholowa, na ya nguo zilizofungiwa muda mrefu.

Jumatano alijibu kabla hajafikiri, maana mtu aliyekaa miaka mitatu bila kugongewa mlango hangoji kufikiri, na alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa mbele, kitambaa cha jikoni begani, neno karibu likiwa bado mdomoni, ndipo akaelewa kwamba hodi ile haikutoka mbele yake bali nyuma, chumbani, na kwamba sauti iliyoisema ilikuwa nzito kidogo, ya mzee, yenye mkwaruzo wa kikohozi mwishoni, mkwaruzo ambao yeye mwenyewe alikuwa nao tangu ujana wake wa kulala porini.

Ilikuwa sauti yake.

Alhamisi jirani yake, mama mshona nguo, alimsimamisha getini. "Afande, nimefurahi jamani! Jana usiku nimekusikia unaongea na kucheka. Umepata mgeni?"

Afande usiku huo alikuwa amelala sebuleni, redio mkononi, hajatoa hata neno moja. Alimsimulia yote. Mshona nguo hakucheka. Siku ya pili yake, Ijumaa, alimletea mganga, mama mfupi mwenye miwani ya kusomea, aliyeingia chumbani, akanusa, akatoka haraka.

"Kuna jini humo," alisema kwa sauti ya chini. "Limebisha hodi. Umeitikia?"

"Mara tatu, mama. Sikujua."

"Basi limepata ruhusa ya nyumba. Lakini bado halijapata mwili. Sasa nieleze kweli, baba yangu. Na wewe uliwahi kulibishia hodi?"

Afande alitaka kusema hapana, mtu gani anabishia sefu hodi? Kisha akakumbuka duka. Mganga aliona uso wake, akavua miwani.

"Na lilijibu?"

"Hapana."

"Shukuru. Sikiliza vizuri. Anayebisha pale akijibiwa, anaingia yeye, na aliyemo anatoka. Ndivyo wanavyopokezana. Siku litakapokwambia karibu, umekwisha. Lala kwingine leo, na huyo fundi aje aling'oe."

Fundi kwenye simu alisema hapatikani mpaka Jumatatu, na Afande akamweleza mganga kuwa binti na mjukuu wanakuja kesho. "Basi wazuie wageni wako," alisema mganga, "na wewe ondoka."

Afande alipiga simu. Ilipokelewa kwa kelele na vicheko. "Baba! Tumeshapakia kila kitu. Huyu kagoma hata kula, anataka kubeba viatu vya kumwonyesha babu. Bunduki umeifungia?"

Angesema nini? Kwamba sefu linaongea? Binti angedhani ni kisingizio kingine, na safari hii asingepiga tena. Aliiona nyumba yake, kiti kimoja mezani, kikombe kimoja sinkini. Akajiambia ni siku mbili tu.

"Imefungwa, mama. Njooni."

Hakwenda kulala kwingine pia. Aliogopa watafika mapema wamkose.

Jumamosi saa nne asubuhi, teksi ilisimama nje. Viatu vidogo vilikimbia kwenye kokoto, ngumi ndogo ikagonga mlango. "Babu! Hodi!"

Machozi yalimjaa. Alinyanyuka, akavuta pumzi ili aitikie, na kabla neno halijamtoka, likasemwa nyuma ya shingo yake, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kikohozi chake:

"Karibu."

Giza likamfunika. Kitambaa kizito kiligusa uso wake, bunduki ikamkaa ubavuni. Vipi mtu mzima alienea mle, hakujua. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, lakini tundu lake liko upande wa nje tu.

Alisikia kila kitu. Mlango ukifunguliwa. Binti yake akisema, "Shikamoo baba," na mtu akijibu, "Marahaba, mama."

"Babu, mbona mikono yako ya baridi?"

"Uzee huo, mjukuu wangu."

"Na ufunguo wa sefu uko wapi, baba?" aliuliza binti.

"Uko mahali salama kabisa." Wakacheka wote wawili.

Nyayo ndogo zikaingia chumbani peke yake. Zikasimama mbele ya sefu. Afande alisikia pumzi za mtoto, karibu sana, unene wa kidole tu katikati yao. Kisha vidole vidogo vikagonga chuma mara tatu.

"Hodi!" mtoto alisema kwa kucheka. "Hodi humu ndani?"

Miaka mitatu alikuwa ameisubiri sauti hiyo iseme neno hilo. Jibu lilipanda lenyewe kooni. Neno moja tu, naye angekuwa nje, juani. Afande akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, akauma kiganja mpaka akaonja damu, akatulia.

"Hodi!"

Akatulia.

"Hamna mtu," mtoto alisema, akakimbia kwenda sebuleni kumwonyesha babu viatu vyake.