Mtoto wa Foleni ya Sukari

Haya yalimpata shoga yangu Blandina mwaka wa themanini na mbili, kwenye foleni ya sukari shimoni, chini ya soko la Kariakoo. Wenzake waliweka mawe kushika nafasi zao. Yeye alimlaza mwanawe Polycarp, wa miezi minane, juu ya kanga, maana mama aliyekuwa nyuma yake alimwambia kwa upole, "Nenda kanywe maji, dada. Namwangalia."

Alipokuwa anarudi, umeme ukakatika. Akapapasa sakafu gizani, akakuta kanga tupu.

"Mwanangu! Mwizi wa mtoto!"

Watu wakamkamata mwanamume, wakampokonya mtoto aliyekuwa akilia mikononi mwake. Blandina alisikia mawe ya foleni yakimshukia, mifupa ikivunjika, na sauti ikilia, "Jamani, huyu mtoto ni wangu!"

"Wako? Ulimzaa lini, wewe? Mpigeni!"

Walimpiga mpaka sauti ikanyamaza. Taa zikarudi. Yule mama wa nyuma hakuonekana tena. Mtu yule hakuwa na uso tena. Mchukuzi mmoja alimletea Blandina mtoto, akamfuta damu kwa shati lake mwenyewe.

"Pole, mama. Umempata."

Sweta ilikuwa ileile aliyoifuma Blandina, hata kifungo kimoja cha rangi tofauti.

Jioni nilimsaidia Blandina kumwogesha mtoto. Polycarp alipochanjwa kliniki akiwa mchanga, mimi ndiye niliyemshika mkono wa kulia uliodungwa sindano, akalia mpaka nami nikalia. Nilipomvua sweta, mkono wa kulia ulikuwa laini kabisa. Kovu la chanjo lilikuwa mkono wa kushoto.