Kisigino cha Kathini

Pale soko la Muthurwa watu hujaribu viatu vya mitumba wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Kathini, na gauni lake la maua ya manjano, alivipima kwa macho tu.

"Si uvue ujaribu, mrembo?" Andati, muuza viatu, akamtania.

"Nifungie tu. Saizi yangu naijua."

"Basi chukua namba yangu. Kikikubana, nitakubadilishia."

Kilimbana, akapiga. Miezi mitano wakaitana beb, na miezi yote hiyo Andati hakuwahi kuuona mguu wake wa kushoto.

Ikafika Jumapili ya kwenda kwa mama yake Andati, mtaa wa Jericho. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa, maana kwa Mama Andati hata pasta huvua. Kathini aliviangalia, akageuka, akaondoka bila hata salamu.

"Umeniaibisha, Kathi!" Andati alifoka kwenye simu. "Mathe anasema unaringa. Kwani kuvua viatu ni shida gani?"

Kathini alilia kwanza. "Lori lilinikanyaga kisigino mwaka juzi, kikasagika. Madaktari walitoa nyama na ngozi pajani, wakanishonea kingine. Ni kinene, Andati, na kinaota nywele. Nanyoa, zinarudi. Naona aibu."

Sasa aibu ikawa ya Andati. Mtu anayekula kwa miguu ya watu, na mguu wa mpenzi wake haujui!

Wiki nzima alimbembeleza. Jumapili Kathini akarudi. Mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Mama Andati alikuwa amekaa kwenye zulia lake jipya na viatu vyake vya kanisani, matope na yote.

"Ingia, mwanangu. Leo hapa hakuna kuvua. Nilikusema vibaya, unisamehe."

Kathini aliyaona yale matope, akaona haya kuliko mwanzo. Akainama, akavua mwenyewe.

Andati alipiga magoti, akakishika kisigino. "Unahisi?"

"Hapo sihisi kitu."

Akapandisha mkono hadi kwenye kifundo. "Na hapa?"

"Hapo nahisi."

"Basi naulizia hapa hapa. Utakubali nikuoe?"

Kathini alifunika uso kwa viganja. Kuulizwa mbele ya mama mkwe, jamani!

"Jibu, mwanangu," Mama Andati akasema, "chapati zinapoa."

"Nimekubali," akasema Kathini, na mguu hakuuficha.