Picha ya Nguzo ya Mwisho

Kila alipotoka shuleni, Mireille alipitia saluni ya mama yake katika mtaa wa Sydenham, akafagia nywele na kukunja taulo. Juma lile hakufagia kwa raha. Mama yake, Marcelline, alikuwa akimwonyesha kila mteja picha kwenye simu.

"Angalia, huyu mtoto yangu iko juu kabisa ya mlima," alisema kwa Kiswahili cha kwao huku akisuka.

Mireille aliinamisha uso. Picha ilikuwa nzuri, lakini pale hapakuwa kileleni.

Mwishoni mwa juma lililopita, vijana wa kanisa walikwenda Lesotho, kwenye mlima ambao wakati wa baridi watu huteleza juu ya theluji. Februari ni kiangazi huko. Theluji haipo, kuna nyasi tu na vijia vya kupanda kwa miguu, kando ya nguzo za chuma zinazobeba viti vya watelezaji. Mutua, mwanafunzi wa chuo kutoka Kenya aliyewaongoza, aliwaambia wavae viatu walivyozoea. Marcelline hakutaka kusikia.

"Sisi hatupandi mlima na viatu vya kuchakaa," alisema. "Na picha je?" Akamnunulia binti yake raba nyeupe pee.

Raba zilipendeza kweli, na zikamchubua Mireille visigino vyote viwili. Kwenye nguzo ya mwisho, chini kidogo ya kilele, akashindwa kabisa. Mutua alibaki naye, wenzake wakaendelea na dada Lynn, kiongozi mwingine, na waliporudi wote wakapiga picha pale pale. Mama alipoiona alidhani ni kileleni, akapiga vigelegele, na Mireille akakosa ujasiri wa kumkatiza.

Jumapili, mama na binti walivaa vitenge vya sare. Mchungaji Léonidas alisema, "Waliofika kileleni wasimame, tuwapigie makofi."

Wenzake wakasimama. Mama akamgusa kwa kiwiko. "Simama, mwana."

Mireille alisimama, lakini hakungoja makofi. "Mimi sikufika," alisema. "Viatu vilinichubua, nikaishia nguzo ya mwisho. Maman, nilipaswa kukwambia. Nisamehe."

Marcelline aliona aibu, maana baadhi ya wateja wake walikuwa wamekaa nyuma yake. Kisha akainuka, akasimama kando ya binti yake.

"Viatu ni mimi nilinunua," alisema. "Kosa iko yangu pia." Akapiga kigelegele, na kanisa zima likaitikia.

Nje, Mutua aliahidi kwamba watarudi kiangazi kijacho. "Na viatu vya zamani," alisema, na Marcelline akacheka.

"Mwana, mimi napenda kujivunia wewe," mama alimwambia njiani. "Lakini nijivunie kitu ya kweli. Ukinyamaza wakati mama anasema uongo bila kujua, umedanganya pia."

Jumatatu Mireille alikuwa akifagia huku akiimba. Mteja aliingia, na mama akatoa simu.

"Angalia mtoto yangu. Hapa haiko juu, hapa ni nguzo ya mwisho, miguu ilimshinda. Lakini kaa, nikuelezee alichofanya jana."