Mfuko Juu ya Wali wa Posa

Kila likizo Zubeda alimsaidia Shangazi Hamisa jikoni, nyumbani kwao Mbagala. Kuonja alionja sana, ila sufuria nzima hakuwahi kukabidhiwa. Jumapili hiyo alikabidhiwa wali wa nazi, tena wa wageni waliotarajiwa kuja kumposa dada yake, Farida.

"Umebaki kupaliwa tu," alisema shangazi. "Weka makaa ya moto juu ya mfuniko, ukae hapo hapo. Mie namvisha dada yako."

"Niachie mie, shangazi!"

Zubeda alipalia kwa madaha. Lakini uani wenzake walikuwa wakicheza rede. Akaenda kucheza mara moja tu, na mara moja ikazaa mara tatu. Aliporudi, makaa ya juu yalikuwa majivu, wali bado una kiini, na mkaa umekwisha. Akatandaza mfuko wa plastiki juu ya wali, akafunika, kama alivyowaona watu wakifanya ili mvuke usitoke.

Kwa moto kidogo uliobaki chini, wali uliiva. Mfuko ulikuwa umelegea na kunata kwenye sufuria. Aliubandua, akautupa. Nani angejua?

Yeye alijua. Shuleni Mwalimu Bernadeta aliwafundisha kwamba plastiki ikipata joto, kemikali zake huweza kuingia kwenye chakula, na madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Na Farida angekula wali huo pamoja na wageni. Zubeda aliogopa, akaenda chumbani alikokuwa shangazi.

"Shangazi, nimeharibu wali," alisema huku machozi yakimlenga. Akaeleza yote, na rede pia.

Mara wageni wakabisha hodi. Shangazi alivuta pumzi.

"Wapewe kahawa na kashata kwanza. Huo tunaumwaga. Wewe kimbia kwa jirani, Mama Badru, ukaombe mkaa. Unapika upya, na tutafunika kwa jani la mgomba."

Wageni walisubiri saa nzima. Walipokula, mshenga wao, Mzee Shomari, aliulizia ukoko.

Jioni, wakisugua masufuria, shangazi alisema, "Mgeni akicheleweshewa chakula atanuna kidogo, basi. Lakini kumlisha kitu tunachojua kinaweza kumdhuru, hiyo ndiyo aibu. Kwenye chakula usitafute njia ya mkato, mwanangu, maana anayeumia ni mlaji. Umeogopa na bado umesema kweli, kwa hiyo Ijumaa utapika tena."

"Asante, shangazi!"

"Ila rede utacheza tukishakula."