Jina la Babu Kwenye Skrini

Kila Jumamosi Loretta Hudak alifuatana na mama yake kazini, maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Mama yake alikuwa mwendeshaji wa kompyuta kubwa iliyohudumia hospitali za bonde la Endicott. Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na baridi na kilinguruma bila kupumzika, na Loretta hakukipenda hata chembe.

Asubuhi moja ya theluji, mama alitoka kwenda kuchukua kahawa. Loretta akasogelea skrini. Sharti alilijua vizuri: tazama, usiguse. Katika orodha ya waliokuwa wakitumia mashine, akaona jina lililomsisimua mwili: HUDAK STEFAN. Babu yake! Babu waliyemzika majani yalipokuwa yakipukutika!

Mara maandishi yakajitokeza chini ya jina: HUDAK ANASEMA, KADI ZIMEKWISHA. LETENI KADI.

Kadi gani? Zile za karatasi zenye matundu, ambazo kompyuta za zamani zililishwa, zilitupwa kabla yeye hajazaliwa. Loretta akaingiwa na hofu isiyosemeka. Mara nyingi alikuwa amemwona mama akimwondoa mtu mashineni, basi akaandika amri ile ile. Jina likatoweka. Akarudi kitini na kujifanya anakula biskuti.

Mama aliporudi, simu ilikuwa ikilia. Hospitalini orodha ya damu ilikuwa haifunguki, na mgonjwa yuko mezani akisubiri kupasuliwa. Msimamizi, Bwana Ferrante, akaingia mbiombio.

"Dolores, umefanya nini? Zamu ni yako!"

"Sijagusa kitu, bosi. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo Hudak kajitoa mwenyewe? Usinichekeshe! Kama ni wewe, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Midomo ya mama ikawa myeupe. Loretta alitamani ardhi immeze.

"Ni mimi," akasema. "Nimemfukuza babu."

Mama akaandika haraka, jina likarudi, na simu ikanyamaza.

Bwana Ferrante akashusha pumzi. "Sikiliza, binti. Babu yako aliandika programu ya damu enzi za kadi, na hadi leo inaendeshwa kwa jina lake. Mashine tumebadilisha mara kadhaa, ila kila mpya huigiza ile ya zamani ndani yake, ili kazi ya jana isife. Programu yake haijui kama miaka imepita. Inaomba kadi, nasi tunaipa kadi za kuigiza."

"Kwa hiyo babu hayumo?"

"Hayumo. Lakini nikibaki peke yangu humu, humwamkia."

Loretta akaangua kilio. "Mama, niliogopa ataniita."

Mama akamkumbatia. "Hata mimi niliogopa, mwanangu. Kuogopa si kosa. Kosa ni kugusa usichokijua, na kosa kubwa zaidi lingekuwa kunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na leo kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine, asiye na hatia yoyote."